Futa Ndoo, Mwache Mjomba

Mwongozo huu ni wa kila mtu mwenye picha nzuri iliyoharibiwa na ndoo. Unayo. Fungua simu utaiona: bibi harusi katulia, shela limekaa, jua la saa kumi na moja jioni limemwangukia usoni barabara, na pembeni ya kiatu chake iko ndoo ya lita 20 ya rangi ya nyumba, imeachwa na fundi, ina mchirizi mweupe ubavuni. Mpiga picha hakuiona. Bibi harusi hakuiona. Kamati nzima ya harusi, kwenye kundi la WhatsApp, imeiona ndoo kwanza na bibi harusi baadaye.

Zamani dawa ya ndoo hiyo ilikuwa kumtafuta kijana wa steshenari mwenye kompyuta, ukalipa, ukaambiwa njoo kesho, na kesho ukaambiwa umeme ulikatika. Leo simu inaifuta yenyewe. Google walianza na Magic Eraser kwenye simu ya Pixel 6 mwezi Oktoba 2021, na tangu Mei 2024 wakaanza kuifungua bure kwa watumiaji wa Google Photos kwa ujumla. Samsung wana kifutio chao. Apple walileta Clean Up pamoja na iOS 18.1, Oktoba 2024. Unapitisha kidole juu ya ndoo, unasubiri sekunde chache, ndoo haipo.

Kwa hiyo kufuta kumekuwa kazi nyepesi. Iliyobaki ni kuchagua, na hapo ndipo watu wanapoharibu picha kwa furaha: ndoo inaondoka na pindo la kanga ya bibi, waya wa umeme unaondoka na nakshi ya mlango, na shemeji ambaye mwaka huu hatusemezani naye anaondoka akiacha mkono wake begani kwa mtu. Mkono huo nimeuona. Una saa.

Anza kwa kuelewa kifutio kinafanya nini. Wengi hudhani kinainua ndoo na kutuonyesha sakafu iliyokuwa nyuma yake. Sakafu hiyo haimo kwenye picha. Mwanga wake haukuifikia kamera, na hakuna simu duniani inayojua pale palikuwa na nini. Kinachofanyika ni kubuni. Mwaka 2000, Marcelo Bertalmío na wenzake walieleza njia ya kuifanya kompyuta iige mafundi wanaokarabati michoro ya kale: kuingia kwenye pengo kutokea ukingoni, mistari na rangi zikirefushwa polepole mpaka zikutane katikati. Photoshop CS5 ya mwaka 2010 ikaleta ujazaji wa namna nyingine, unaookota vipande kutoka kwingine ndani ya picha ileile na kuvishonea kwenye pengo, kama fundi cherehani anayekata kiraka kwenye upindo wa suruali hiyohiyo. Vifutio vya akili mnemba tulivyo navyo sasa vimefunzwa kwa picha nyingi mno, vikazoea jinsi mchanga unavyofuatana na mchanga na kigae na kigae, kisha vinakisia. Vinakisia vizuri hadi raha. Lakini vinakisia.

Ukishalijua hilo, nusu ya kazi umemaliza, maana swali lako halitakuwa tena kama ndoo inafutika. Utajiuliza: je, naweza kuishi na sakafu ya kubuni? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Mchanga wa Coco Beach unatosha, na kiganja kimoja cha mchanga wa kubuni hakimdhuru mtu. Anga, bahari tulivu, nyasi, lami, ukuta uliopakwa rangi moja, pazia lisilo na maua: hapo futa kwa moyo mweupe. Chupa ya maji iliyosahauliwa juu ya meza, kitako cha sigara, mfuko wa plastiki uliopeperuka na kukwama kwenye michongoma nyuma ya watoto, vyote viende. Mtoto wako hakuja pwani kupigwa picha na mfuko.

Shida inaanza pale ambapo nyuma ya kinachofutwa kuna kitu chenye habari. Maandishi. Nyuso. Vidole. Nguo yenye mpango wake. Hapa kanga inastahili kukaa darasa la kwanza, kwa sababu hakuna nguo inayoumbua kifutio kama kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina maneno yake chini ya mji. Vitatu hivyo vinategemeana, na aliyeivaa anavijua kwa macho yaliyofumba.

Nimeshuhudia kijana akimwonyesha bibi yake picha aliyoisafisha. Ilikuwa picha nzuri ya bibi huyo barazani, na mbele ya magoti yake palikuwa na kiti cha plastiki cheupe, kile cha kukodi, kimeziba kona ya kanga. Kijana alikifuta kiti.

"Bibi, shikamoo. Picha yako nimekusafishia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu." Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Kanga hii ya nani?"

"Si yako, bibi?"

"Yangu ina maneno."

Akapanua picha kwa vidole viwili. Kanga iliandikwa WEMA HAUOZI. Kwenye picha, WEMA lilikuwa zima, HAU lilikuwa zima, kisha zikafuata alama tatu zilizofanana na herufi kwa mbali na zisizosomeka kwa karibu, moja ina mkia wa g, nyingine imefungwa kama nane. Chini yake pindo lilikuwa limekata kona kwa namna ambayo hakuna kanga iliyowahi kukata, maua yakimwagikia kwenye mji. Bibi hakukasirika. Alimwambia tu amrudishie kiti chake, na kijana akamrudishia, kwa kuwa alikuwa bado na picha ya asili. Angekuwa amehifadhi juu ya ileile, WEMA HAUOZI ingekuwa imeishia hapo.

Basi shika hili kabla ya kugusa chochote: fanyia kazi nakala. Baadhi ya programu hukuwekea picha ya asili na kukuruhusu kuirejea, nyingine huandika juu ya ile ya kwanza bila kuuliza. Usijifunze tabia ya programu yako kwa kutumia picha ya marehemu baba. Tena nakala iwe ya picha kamili kutoka kwenye simu au kamera iliyopiga. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na kupunguzwa, na kifutio kinachokisia kutoka kwenye picha iliyokwisha kupungua kinatoa ukungu. Mwombe mpiga picha akutumie kama hati, au akuwekee kwenye flashi.

Sasa mkono wenyewe. Panua picha mpaka ndoo ijae kioo, kisha paka brashi ikizidi kidogo ukingo wa ndoo, maana ukiacha uzi mwembamba wa ndoo, kifutio kitaudhani ni sehemu ya mandhari na kukuoteshea ndoo nyingine. Paka na kivuli. Kivuli ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachomfanya mtazamaji ahisi kitu hakiko sawa hata kama hawezi kusema ni nini: doa jeusi limelala sakafuni, refu, la mviringo, halina mwenyewe. Kisha tafuta ndoo ya pili, ile iliyoko kwenye kioo cha kabati, kwenye dimbwi la maji, kwenye ubavu wa gari lililong'arishwa, kwenye miwani ya bwana harusi. Futa kimoja kimoja. Ukipaka ndoo, ngazi, kamba ya nguo na pikipiki kwa mkupuo mmoja, unakiachia kifutio pengo kubwa mno, nacho kitakujazia kwa kitu kinachokijia: kichaka, nguzo, mara nyingine mtu mwingine kabisa ambaye hakualikwa.

Mistari iliyonyooka ndiyo mtihani. Vigae, matofali, mabati, kingo za dirisha. Fuata mstari kwa jicho kutoka upande mmoja wa pengo hadi mwingine. Ukiona umepinda au umepotea katikati, tengua, jaribu brashi ndogo zaidi, ukienda sehemu kwa sehemu. Na ikikataa, punguza picha pembeni. Kukata ukingo ni ufundi wa kale usiobuni chochote, na ndoo nyingi ziko ukingoni.

Waya za umeme za Mji Mkongwe, Unguja, zina habari yake. Zikiwa juu ya anga, futa, zinatoka kama nywele kwenye maziwa. Zikipita mbele ya roshani au mlango wa nakshi, ziache. Fundi aliyechonga mlango ule alikuwa na mpango: mnyororo unazunguka fremu, maua yanafuatana kwa hesabu, juu mara nyingine pana maandishi ya Kiarabu na mwaka. Kifutio kitakuwekea ua ambalo hakuna mchongaji aliyelichonga, na maandishi yasiyosomeka kwa Kiarabu wala kwa lugha yoyote. Baiskeli iliyoegemezwa hapo nayo iache. Ndiyo inayosema kuwa mlango ule ni wa nyumba yenye watu.

Hapa nifike kwenye jambo ninalolitaka hasa. Nyuma ya watu kwenye picha pana vitu ambavyo leo tunaviona uchafu na kesho vitatafutwa kuliko sura zetu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na picha za zamani za studio hiyo zinaangaliwa mpaka leo. Wanaoziangalia wengi hawamjui hata mmoja wa waliopigwa. Wanachotazama ni gari lililoegeshwa, kibao cha duka, mtindo wa kofia, jinsi barabara ilivyokuwa kabla haijawa hivi. Hayo yote mpiga picha mwenye kifutio angeweza kuyaondoa ili aliyepigwa "apendeze".

Kwa hiyo kabla hujafuta kalenda ukutani, jiulize ni ya mwaka gani. Pengine ndiyo itakayowaambia wajukuu picha ilipigwa lini. Televisheni yenye kitambaa cha kufuma juu yake, acha. Chupa ya chai yenye maua, acha. Redio, picha ya rais ukutani, stika ya timu mlangoni, chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda, acha vyote. Hata ndoo yenyewe ina hukumu mbili. Ndoo ya rangi iliyosahauliwa na fundi, iende. Ndoo iliyoko nyuma ya nyumba kati ya masufuria, mama wadogo wameizunguka wakichambua mchele wa pilau la watu mia nne, ile ndiyo harusi yenyewe. Ukiifuta unabaki na wanawake waliochuchumaa wakitazama sakafu.

Tuje kwa watu. Watalii waliopita nyuma yako Forodhani, futa ukitaka, picha ni ya ukutani kwako na hawakujui wala huwajui. Mtu wenu, hapana. Mjomba aliyefumba macho, mjomba mwenye shati la njano lililoua rangi za sare ya familia, mjomba aliyeingia dakika ya mwisho na nusu ya mwili wake iko nje: mwache. Alikuja. Alipanda basi usiku kucha akaja. Picha ya pamoja ni daftari la mahudhurio, na hakuna mwenye mamlaka ya kufuta jina la mtu aliyehudhuria.

Serikali zilikwisha kujaribu. Kuna picha maarufu ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow na Volga, mkuu wa polisi wake wa siri, Nikolai Yezhov, akiwa ubavuni kwake. Yezhov aliuawa kwa risasi mwaka 1940, na katika toleo lililofuata pale alipokuwa amesimama pana maji ya mfereji. Mafundi waliifanya kazi hiyo kwa mkono, kwa uvumilivu mkubwa, na maji yalitoka vizuri. Leo matoleo yote mawili huchapishwa pamoja, na Yezhov anajulikana duniani kwa kufutwa kuliko angejulikana kwa kubaki.

Lakini aliyeondolewa wa kwetu ni Vanessa Nakate wa Uganda. Januari 2020 alisimama Davos, Uswisi, na wanaharakati wenzake wanne wa mazingira, akiwemo Greta Thunberg, wakapigwa picha. Shirika la habari la Associated Press likaisambaza ikiwa na wanne. Aliyeondolewa alikuwa Nakate, Mwafrika pekee kati yao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mpiga picha aliikata kwa sababu jengo lililokuwa nyuma yake lilichafua muonekano. Nisome tena sentensi hiyo nawe: lililokuwa likiudhi ni jengo, na aliyeondoka ni msichana aliyesafiri kutoka Kampala kuja kusema neno kwa niaba ya bara zima. Alitoa video akilia, akauliza kwa nini ameondolewa. Shirika lilirudisha picha ikiwa kamili, na mhariri mtendaji wake, Sally Buzbee, akaomba radhi. Pale hapakuwa na akili mnemba. Palikuwa na mtu aliyetazama jengo akasahau kutazama nani amesimama mbele yake, na kifutio kinatupa sote uwezo wa kusahau namna hiyo mara kumi kwa siku.

Ndiyo maana kwenye picha ya habari hakifutwi kitu. Kitu chochote. Mwaka 2014 Associated Press hilohilo lilivunja uhusiano na Narciso Contreras, mpiga picha ambaye kazi yake ya Syria ilikuwa ndani ya mkusanyiko ulioshinda tuzo ya Pulitzer, kwa sababu aliifuta kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa kwenye kona ya picha ya mpiganaji. Mwaka 2010 World Press Photo walimnyang'anya Stepan Rudik tuzo kwa kufuta kipande cha mguu wa mtu kilichotokeza nyuma ya mkono. Ukali huo naukubali wote. Ukiwa wewe ni msemaji wa kata unayetuma picha ya mkutano wa hadhara, au mwanakamati wa msikiti unayetuma picha ya kisima kilichozinduliwa, uko kwenye habari na wewe. Viti vitupu vibaki. Bomba linalovuja libaki.

Madalali nao wasikie. Nguzo ya umeme iliyosimama katikati ya kiwanja unachokiuza, korongo lililoko nyuma yake, ufa unaoshuka kutoka kwenye linta hadi sakafuni, hivyo havifutwi. Mnunuzi atafika. Atafika na mke wake, na nguzo itakuwa pale. Hali kadhalika mwenye kuuza simu iliyotumika akafuta mkwaruzo kwenye kioo, au gari akafuta kutu kwenye fenda: huo ni utapeli kama utapeli mwingine, hata ukifanywa kwa kidole kimoja.

Na ile alama ya studio iliyolazwa katikati ya picha za mfano, ambazo mpiga picha amekutumia uchague za kuchapishwa kabla hujamaliza deni? Kifutio kinaiondoa, ndiyo. Usiiondoe. Mpiga picha yule alisimama juani tangu asubuhi na begi la lenzi, akala chakula cha mwisho baada ya wageni wote, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyoulinda wimbo na kitabu. Mlipe.

Kuhusu programu za bure zinazojitangaza kila unapofungua Facebook, tahadhari moja: nyingi hazifanyi kazi ndani ya simu. Zinaipeleka picha kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ikasafishwa huko, ikarudi. Kwa picha ya machungwa sawa. Kwa picha ya watoto wakioga uani, ya kitambulisho, ya mgonjwa kitandani, tumia kifutio kinachofanya kazi ndani ya simu yenyewe au usifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake tangu 2019, lakini picha ikishavuka bahari hakuna afisa atakayekufuatia siku hiyo. Na programu ikikuwekea alama ndogo pembeni, kama Samsung wanavyofanya kwenye picha zilizojazwa na akili mnemba, iache ionekane. Wapo wanaochukua kifutio kufuta alama inayosema kifutio kimetumika. Kwa hao sina hatua ya kuwafundisha.

Limebaki ombi gumu kuliko yote, nalo litakufikia mara tu ukoo ukijua unajua kufuta. Shangazi atakupigia. Atakuuliza habari za kazi, habari za watoto, kisha atasema ile picha ya ndoa yake, ile kubwa ya sebuleni, anaipenda sana alivyopendeza, ila yule mtu hataki kumwona tena. Yule mtu ni mume waliyeachana. Usimwambie haiwezekani, kwa sababu inawezekana na atampata kijana mwingine wa kumfanyia. Usimhubirie pia, kilichomkuta anakijua yeye. Mwambie: "Shangazi, niletee albamu nzima." Ndani ya albamu ya harusi hakukosi picha aliyopigwa peke yake, akiwa anavalishwa bangili au akiwa dirishani akisubiri gari. Hiyo ndiyo ya kusafisha. Mwondolee kamba ya nguo dirishani, mwondolee doa la ukungu kwenye karatasi, mtie fremu nzuri, aitundike pale pale ilipokuwa ile kubwa.

Ile kubwa iskani ilivyo, na mwanamume ndani yake. Andika kwenye jina la faili siku, mahali, na majina ya wote wawili. Kisha uwatumie watoto wao bila kelele, kila mmoja kwenye namba yake. Yule ni baba yao, na siku ile alikuwa amevaa suti ya kaki, ameshika ua, anacheka.